Birika la Kanisa Kongwe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia vumbi jeupe. Nyumba yao ilikuwa kongwe, ya mawe na chokaa, na kuta zake zilipukutika kama mkate uliokauka. Akifagia leo, kesho alikuta vumbi jingine limejaa pale pale chini ya ukuta.

"Nyumba hii inazeeka kama mimi," Bibi alipenda kusema, akiwa amekaa kizingitini na ungo wa mchele mapajani. "Tofauti yetu ni kwamba mimi bado naoga mwenyewe."

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi na mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, pamoja na Bibi, mama wa baba yake marehemu. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba saba za kale zilizotoka barabarani mpaka kanisani. Kati ya ukuta wao na mnara wa kanisa palikuwa na uchochoro wa hatua sita, uliotandikwa mabamba ya mawe. Upande wa pili wa mnara, unaotazama bahari, palikuwa na uwanja mtupu.

Mwaka huo mnara ulipata ufa. Ulianza kama unywele, na baada ya mvua ukawa mpana kiasi cha kuingiza kidole. Wazee wa kanisa wakamwita fundi mwashi, mwanamume mnene mwenye sauti nzito, aliyezoea kutengeneza majengo ya zamani. Fundi aliuzunguka mnara mara tatu, kisha akaomba michoro ya kanisa. Hapakuwa na mchoro hata mmoja. Ilisemekana ililiwa na mchwa zamani.

"Basi nitawategemea wazee," alisema Fundi. "Siwezi kuweka uzito mahali nisipojua chini kuna nini."

Hapo ndipo Mwalimu wa historia alipopata wazo. Aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita kwamba kila mmoja atapewa mzee mmoja na swali moja kuhusu kanisa na nyumba za kale. Majibu yakikusanyika, darasa zima litachora ramani, na Fundi ataitumia.

"Hii si kazi ya kupata alama tu," Mwalimu alisema. "Kuna mtu atakayesimama juu ya majibu yenu."

Rafiki yake Chiriku, msichana mwembamba waliyemwita Sindano, alipewa swali la milango ya nyumba saba. Chiriku alipewa swali la birika la maji ya mvua.

"Birika la chai?" aliuliza mmoja kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

"Shimo kubwa lililojengwa chini ya ardhi," alieleza Mwalimu, naye akitabasamu. "Kabla ya maji ya bomba, nyumba zote hizi zilichota humo. Lilifunikwa zaidi ya miaka sitini iliyopita, na siku hizi kila mtu anataja mahali pake. Anayejua hasa ni Mzee wa Kengele. Alichota maji humo akiwa mtoto."

Mzee wa Kengele alikuwa amepiga kengele ya kanisa kwa miaka arobaini. Kengele ilimlipa kwa kumwachia uziwi wa sikio moja na nusu. Chiriku alipofika kwake siku ya Jumanne baada ya masomo, alimkuta chumbani anasuka kamba, macho yake yakiwa na ukungu.

"Shikamoo, Babu! Nimekuja kuuliza habari za birika!"

"Marahaba. Nani kafilisika?"

"Birika, Babu! Bi-ri-ka!"

"Aa, birika. Kaa chini. Kwanza nitafutie miwani yangu."

Miwani ilitafutwa chini ya kitanda, ndani ya buti, juu ya kabati, na mwishoni ikapatikana kichwani pake. Kisha Mzee akaanza habari, lakini hakuanza na birika. Alianza na viatu vya padri wa kwanza aliyemfahamu, akaenda kwa mbwa aliyevila viatu hivyo, kisha kwa mwenye mbwa. Chiriku alisikia wenzake wakicheza rede barabarani. Kila kelele iliyopigwa huko nje ilimvuta kama kamba.

"Babu, nitarudi kesho," alisema, akiinuka.

"Mbona hata sijafika kwenye birika?"

"Kesho, Babu!"

Kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa. Alhamisi jioni, daftari likiwa wazi juu ya cherehani ya mama yake, alikumbuka kwamba kazi inatakiwa asubuhi inayofuata. Sindano alikuwa ameshajaza kurasa nne. Chiriku aliona haya kuandika kwamba hajui. Basi akatafuna ncha ya kalamu, akaandika:

"Mzee wa Kengele aliniambia kwamba birika lilikuwa upande wa bahari, hatua nane kutoka mlango mdogo wa kanisa. Watu walipopata maji ya bomba, lilijazwa mawe."

Zile hatua nane zilimpendeza mwenyewe. Watu husema mwongo hutia chumvi. Yeye alipika chungu kizima.

Ijumaa Mwalimu alisoma maneno yale mbele ya darasa. "Mmemsikia mwenzenu? Hata hatua amehesabu! Hivi ndivyo mtu anavyouliza." Wanafunzi wakapiga makofi. Chiriku alicheka pamoja nao, lakini mashavu yalimwaka moto. Jioni ile ramani ilichorwa, ikabandikwa ukumbini mwa kanisa. Birika lilitiwa rangi ya buluu, upande wa bahari.

Siku chache zilipita bila neno. Chiriku alianza kujiambia kwamba rangi ya buluu haimdhuru mtu.

Jumatano iliyofuata alirudi kutoka shule akakuta uchochoro wao umejaa mabomba ya chuma. Mafundi wanne walikuwa wanayaunga, wakisimamisha jukwaa kubwa kati ya ukuta wa nyumba yao na mnara. Fundi mkuu alikuwa katikati yao, penseli sikioni.

"Fundi, shikamoo. Mnafanya nini huku kwetu?"

"Marahaba, binti. Tunajenga jukwaa la kushushia kengele. Mnara hauwezi kutengenezwa na mzigo ule ukiwa juu. Jumamosi saa nne tunaishusha, na shule nzima mtakuja kutazama."

"Lakini uwanja wa upande wa bahari ni mkubwa zaidi."

"Hata mimi ningependa kule," alijibu Fundi, akipangusa jasho. "Lakini ramani yenu inasema kule chini kuna birika. Mawe yaliyotupwa shimoni huwa hayajakaa sawasawa. Mzigo ukikaa juu yake, yanadidimia. Kengele ile peke yake ni uzito wa magunia kumi ya saruji. Ndiyo maana tumekuja huku. Huku pana usalama."

Chiriku aliyatazama mabamba chini ya mabomba, akaingia ndani.

Alipakua chakula cha mchana. Alikaa karibu na Bibi, akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Bibi, wewe unajua birika la zamani lilikuwa wapi?"

"Mimi nililetwa hapa nikiwa bibi harusi, birika limeshafunikwa," alisema Bibi. "Sikuliona. Ila mama mkwe wangu alikuwa na mwiko mmoja. Alikataza kutwanga pale uchochoroni. Alisema ukipiga kinu pale, ardhi inaitikia. Nilidhani ni maneno ya kuwatisha wakwe wavivu."

Chiriku alifikiri: ardhi huitikia palipo na shimo. Aliacha sahani, akakimbia mpaka kwa Mzee wa Kengele. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alimwambia kwamba binti wa Mzee amempeleka baba yake hospitali ya mbali kutibiwa macho, na hatarudi kabla ya Jumatatu.

"Simu je?" Chiriku aliuliza.

"Simu na masikio yale, mwanangu? Hata ukiwa mbele yake lazima upige kelele."

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku ndefu kuliko mwezi. Darasani Chiriku hakunyoosha mkono. Sindano alimuuliza kama anaumwa, akasema tumbo. Nyumbani kila bomba lililogongana uchochoroni lilimshtua. Huenda nilibahatisha, alijiambia. Huenda birika liko upande wa bahari kweli, na mama mkwe wa Bibi alikuwa mkali tu. Kisha alikumbuka neno "inaitikia", na matumaini yote yakayeyuka.

Ijumaa alasiri alijikaza, akamfuata Fundi aliyekuwa anakagua skrubu za jukwaa.

"Fundi, na kama ramani imekosea?"

Fundi alimtazama, akacheka kwa upole. "Wewe ndiye uliyehesabu zile hatua nane, sivyo? Mwalimu wako kaniambia. Usiwe na wasiwasi. Watoto waliokaa na wazee wakaandika walichosikia, watadanganya ili wapate nini?"

Pale palikuwa pahali pa kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa, ilibaki kuingia tu. Lakini Chiriku aliona sura ya Mwalimu akisoma daftari, akasikia makofi ya darasa. Akaitika "Ndiyo, Fundi," akaondoka. Alitembea mpaka nyuma ya nyumba, akalia kimya, mdomo ameuziba kwa kanga ya mama yake iliyokuwa imeanikwa.

Jumamosi saa tatu na nusu uchochoro ulifurika watu. Wanafunzi walipangwa kwa mistari kando ya ukuta wa nyumba ya Bibi, wadogo mbele. Wazee wa kanisa walikuwa wamevaa vizuri. Mama alisimama mlangoni na sindano bado zimechomekwa kifuani pa gauni lake, na Bibi alikuwa ameletewa kiti. Chini ya jukwaa, juu ya mabamba ya mawe, mafundi wanane walishika kamba nene iliyopita kwenye kapi, gurudumu la kuinulia mizigo. Juu mnarani kengele ilionekana, nyeusi, imefungwa minyororo.

Chiriku alikuwa mstari wa pili. Aliwatazama wale wadogo wa darasa la kwanza mbele yake. Mmoja alikuwa amechutama, anachora kwa kidole katika vumbi la bamba. Bamba lile lilikuwa na ufa.

"Tayari?" Fundi aliuliza.

"Tayari!"

"Vuta taratibu. Moja... mbili..."

Kamba ilikaza. Juu kule kengele iliinuka kidole kimoja kutoka kwenye mhimili wake. Mabomba ya jukwaa yakalia kwa pamoja, na Chiriku akahisi chini ya nyayo zake mtetemo mdogo, kama mtu aliyegonga mlango kutoka upande wa pili.

"Simamisheni!" Sauti ilimtoka kabla hajaamua. "Simamisheni! Nimedanganya! Birika haliko kule! Sijui liko wapi! Mzee hakuniambia chochote!"

Watu wote waligeuka. Mwalimu alimshika bega. "Unasema nini wewe?"

"Sikumsikiliza, Mwalimu. Niliondoka kwenda kucheza. Zile hatua nane nilizibuni." Machozi yalimtiririka, lakini maneno sasa yalikuwa yamepata njia na hayakuzuilika. "Bibi anasema hapa ardhi inaitikia. Watoeni watoto hapa, tafadhali, Mwalimu, watoeni!"

Uso wa Fundi ulibadilika rangi. Hakupoteza muda kumgombeza mtu. "Rudisheni kengele kwenye mhimili," aliwaambia watu wake kwa sauti ya chini. "Pole pole. Hakuna anayeachia kamba mpaka niseme." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Wanafunzi watoke, mmoja mmoja. Wasikimbie."

Walitoka kwa kunyata. Mama alimwinua Bibi akamwingiza ndani. Kengele ilikaa tena juu ya mhimili wake, minyororo ikalegea, na mafundi wakatoka chini ya jukwaa mmoja baada ya mwingine. Alipotoka wa mwisho, Fundi alichukua mtaimbo, akasimama pembeni, akagonga bamba la kwanza. Ko. Akagonga la pili. Ko. Alipogonga bamba lenye ufa, sauti iliyorudi ilikuwa nyingine kabisa, nene na ya mbali, na iliendelea kuunguruma baada ya mtaimbo kuinuliwa.



Fundi alijifunga kamba kiunoni, wenzake wakaishika, ndipo akaing'oa pembe ya bamba. Chini yake palikuwa na giza. Alidondosha kipande cha jiwe. Chiriku, aliyesimama mbali na mkono wa mama yake begani, alihesabu bila kutaka: moja, mbili. Kisha maji yakalia.

Birika lilikuwa pale. Halikujazwa hata jiwe moja. Paa lake la mawe lilikuwa limepasuka, na mguu mmoja wa jukwaa ulisimama katikati yake.

Fundi aliketi chini ukutani, akavua kofia. "Mguu ule ningeupa mzigo wote," alisema, kama anayejisemea. "Na watoto wale mbele kabisa."

Chiriku alimwendea. "Nisamehe, Fundi. Jana ulinipa nafasi, nikaogopa."

Fundi aliinua macho. "Nimekasirika sana," alisema. "Sitakudanganya kwamba sijakasirika. Lakini na mimi nina kosa langu. Nilipaswa kugonga ardhi hii kabla ya kuamini karatasi." Akavaa kofia. "Leo umesema mbele ya watu wote, kengele ikiwa hewani. Wapo wakubwa ambao wasingeweza. Sasa nenda kwa mwalimu wako."

Kwa Mwalimu haikuwa rahisi. Hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Chiriku zaidi. Aliingia ukumbini, akaibandua ramani, akaikunja. Jumatatu aliliambia darasa kwamba kila mmoja atarudi kwa mzee wake kuhakiki aliyoandika. Wenzake waliguna. Wawili walimwita "Hatua Nane" wiki nzima. Sindano alikuwa na kurasa nne za kuhakiki, na kwa siku mbili hakumsemesha rafiki yake. Siku ya tatu alimkalia karibu, akasema, "Milango miwili niliikosea. Lakini bado nimekukasirikia." Chiriku akasema, "Sawa," maana aliona ni haki yake.

Jumatano, Chiriku alienda kwa Mzee wa Kengele, akifuatana na Mwalimu. Mzee alikuwa na kitambaa juu ya jicho moja. Habari alikuwa ameshazipata.

"Babu," alisema Chiriku, akipaza sauti na huku akiona aibu ya kuipaza, "nimekuja kukuomba msamaha. Nilikusemea uongo."

"Sogea huku, upande wa sikio zima," alisema Mzee. Hakutabasamu. "Unajua kilichoniuma? Si kwamba uliondoka. Watoto huondoka, hata mimi nikianza habari ya yule mbwa ningeondoka kama ningeweza. Kilichoniuma ni kwamba ulichukua jina langu ukalitia chini ya maneno nisiyoyasema. Mtu angekufa pale, wangesema ni Mzee wa Kengele aliyeelekeza. Na mimi ningejitetea vipi, hospitalini, kiziwi, nimefungwa macho?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Hilo hakuwahi kulifikiria. Katika hofu yake yote ya siku zile, alikuwa amewafikiria Mwalimu, Fundi, wale wadogo na yeye mwenyewe. Mzee hakuwamo.

"Naweza kukaa sasa, Babu? Nisikilize mpaka mwisho?"

"Mwisho uko mbali."

"Nitakaa."

Alikaa alasiri ile, na ya pili, na ya tatu. Alisikia habari za viatu, za mbwa na za mwenye mbwa, na ndani yake, kama punje katika makapi, birika likajitokeza: jinsi maji ya paa la kanisa na ya nyumba saba yalivyoelekezwa humo kwa mifereji ya mawe, jinsi kila nyumba ilivyokuwa na ndoo yake, na jinsi uzio wake ulivyovunjwa mwaka wa bomba na mabamba kutandikwa juu, kwa haraka, bila kujazwa kitu, kwa sababu mawe yote yalikuwa yameenda kujenga shule. Chiriku aliandika polepole, akisoma kila sentensi kwa sauti ili Mzee aikubali au aikatae. Alikataa nyingi.

Fundi alihamishia jukwaa upande wa bahari, baada ya kugonga kila shubiri ya uwanja ule kwa mtaimbo wake. Kengele ilishuka salama, na safari hii hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukaribia. Paa la birika lilianza kujengwa upya.

Siku ya mwisho kwa Mzee, Mwalimu alikuja kulichukua daftari. Chiriku alikuwa amebakiwa na swali moja.

"Babu, birika lilikuwa na kina gani?"

Mzee alifikiri. Akafumba jicho lake zima, akalifumbua. "Sikumbuki. Kamba ya ndoo ilikuwa ndefu, lakini na mimi nilikuwa mfupi. Sikumbuki, mjukuu wangu."

Chiriku alimgeukia Mwalimu, kalamu hewani. "Niandike nini?"

"Andika alivyosema," alijibu Mwalimu. "Sikiliza, na umwambie na mwenzio Sindano, kwa sababu hili nilipaswa kuwafundisha kabla ya kuwatuma. Kutojua si kosa, na wala si aibu. Ukiandika kwamba hujui, yupo atakayekuja nyuma yako akauliza tena, akapima, akapata. Ukibuni, umemfungia njia, naye atatembea kwa kukuamini mpaka atumbukie. Na ukishakosea, sema mapema. Siku ya kwanza ukweli ungekugharimu haya kidogo. Siku ya tisa uongo ulikaribia kugharimu roho za watu."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Chiriku.

Akalilaza daftari gotini, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: "Kina cha birika: Mzee hakumbuki." Kisha akamsomea Mzee kwa sauti, upande wa sikio zima, na Mzee akaitika kwa kichwa kwamba hayo ni maneno yake.